Barafu ikiondoka Kilimanjaro na Mlima Kenya, mlima unabaki na nini?

Karibu kila mwaka, mvua zikishika, picha ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikiwa nyeupe tangu juu hadi karibu na uwanda unaoitenganisha na kilele jirani cha Mawenzi huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Maneno yanayoisindikiza ni yale yale: barafu imerudi, wale wataalamu walitutisha bure. Haipiti miezi mingi inakuja picha nyingine, ya mwamba mtupu, na sasa maneno ni ya msiba: mlima umekufa, mito itakauka, Mto Pangani utabaki mchanga. Mara nyingi watu walewale ndio wanaosambaza zote mbili.

Picha zenyewe kwa kawaida ni za kweli. Kilichopotoka ni maelezo yake, na yamepotoka kwa sababu moja: yanautazama weupe wa mlima peke yake na kuisahau ardhi iliyo chini ya weupe huo. Barafu ya Afrika imebaki kwenye milima mitatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya, na Rwenzori iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo. Inaondoka kwenye yote mitatu, hilo halina ubishi tena. Ila mahali inapoondoka hapabaki tupu na kimya. Mawe yanaporomoka, maziwa madogo yanazaliwa, mimea inapanda, na njia za watu zinahama. Ni mabadiliko hayo ninayotaka tuyaelewe, kwa sababu tusipoyaelewa tutaishia kulilia kitu kimoja huku kingine, chenye uzito mkubwa zaidi kwa maisha yetu, kikiungua.

Theluji si barafuto

Tuanze na maneno. Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni na kutulia juu ya mawe. Jua la ikweta likiipata, siku chache au wiki chache zinatosha kuimaliza. Barafuto ni kitu kingine: ni theluji iliyorundikana mwaka juu ya mwaka bila kwisha, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe hadi ikawa barafu ngumu, nene kiasi cha kuanza kusogea polepole kufuata mteremko. Katika kusogea huko ndimo ilimo nguvu yake. Inakwangua mwamba, inang'oa mawe, inayabeba na kuyamwaga mbali na yalikotoka.

Ukubwa wa barafuto unafuata hesabu ya kihenge cha mahindi. Kila msimu familia inatia ilichovuna, na kila siku inatoa cha kula. Kinachotoka kikizidi kinachoingia, kihenge kitaisha hata kama kila msimu kuna kilichotiwa. Msimu mmoja mzuri unaweza kukipandisha kidogo, na jirani akichungulia siku hiyo atasema hawa hawana njaa. Lakini hesabu ya kweli ni ya mwaka mzima, tena mwaka baada ya mwaka. Ile picha ya Kibo nyeupe ni ya jirani aliyechungulia siku ya kutia mahindi.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kwenye eneo la takribani kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 eneo hilo lilikuwa limeshuka chini ya kilomita za mraba 2, na leo ukijumlisha barafu ya milima yote mitatu, Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori, haifiki kilomita za mraba 2. Msafara wa Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, ulipoipanda Rwenzori mwaka 1906, barafuto zilihesabiwa kwenye milima yake sita. Leo karibu barafu yote iliyosalia huko iko kwenye Mlima Stanley. Mlima Kenya ulikuwa na barafuto 18 mwishoni mwa karne ya 19, na karibu nusu yake zimefutika kabisa. Ile inayoitwa Lewis, ambayo ni miongoni mwa barafuto zilizopimwa mara nyingi zaidi katika nchi zote za joto, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Chini ya barafu kuna nini

Mlima Kenya ndio darasa zuri kuliko yote, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Cha kwanza kujitokeza barafu inaporudi nyuma ni mwamba uliosuguliwa. Mahali pengine ni laini unang'aa, na una mikwaruzo iliyonyooka yote kuelekea upande mmoja. Mikwaruzo hiyo ilichorwa na mawe yaliyokuwa yamekwama chini ya barafu yakiburutwa nayo. Ukijua kuisoma, itakuambia barafu ilikuwa ikielekea wapi hata kama imeondoka maelfu ya miaka iliyopita.

Cha pili ni tuta la mawe. Barafuto inabeba kifusi pembeni na mbele yake. Ikisimama mahali pamoja kwa miaka mingi, kifusi kinajikusanya na kuwa tuta refu lililopinda, lenye mawe makubwa na vumbi laini vikiwa vimechanganyika ovyo, tofauti na mto, ambao hupanga mchanga wake kwa ukubwa. Kila tuta ni mpaka wa zamani. Ukiteremka Bonde la Teleki utayakuta matuta ya namna hii hadi kwenye kimo cha kama meta 3,300, zaidi ya kilomita moja kwenda chini kuliko barafu ya leo. Hayo ni ya enzi ya baridi kuu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita. Bonde lenyewe lina sakafu pana na kuta zilizosimama, kwa sababu lilichongwa na barafu iliyolijaza. Mjiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliziona dalili hizi mwaka 1893 na akaelewa kwamba barafu aliyoikuta juu ilikuwa masalia ya barafu kubwa zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba barafu ya milima hii imewahi kupungua kabla ya magari na viwanda, anasema kweli. Kosa linakuja anapoendelea kusema kwamba basi hii ya sasa nayo ni mambo ya kawaida. Ile ya zamani ilichukua maelfu ya miaka. Hii imetokea ndani ya umri wa bibi na mjukuu wake.

Cha tatu ni maziwa. Barafuto ikichimba shimo kwenye mwamba, au ikiacha tuta lililoziba bonde, maji yanatuama. Ziwa dogo la Lewis na ziwa dogo la Tyndall, yale wapandaji wa Mlima Kenya wanayoyapita wakielekea juu, ni ya aina hii. Ziwa changa lililo karibu na barafu mara nyingi lina rangi ya maziwa ya ng'ombe au kijani cha kufifia, kwa sababu ya unga wa mwamba uliosagwa unaoelea ndani yake. Barafu ikishakwisha kule juu, unga haufiki tena na maji yanaanza kuwa maangavu. Taratibu ukingo wake unavamiwa na nyasi na ukoka wa majimaji, na baada ya karne nyingi ziwa linaweza kuwa tandiko la udongo mweusi linalonyonya maji. Mabonde ya Rwenzori yamejaa matandiko kama hayo, na aliyewahi kutembea huko na viatu vya mpira anayafahamu kwa magoti yake.

Halafu kuna kutotulia. Barafu hushika mawe. Inaziba nyufa, inabana vipande vilivyokwisha kupasuka, inaegemea kuta zilizosimama. Ikiondoka, kuta zinabaki bila egemeo, na maji yanayoingia kwenye nyufa mchana huganda usiku, yakavimba na kupasua zaidi. Kwenye milima ya ikweta mzunguko huo hausubiri majira ya baridi. Unaweza kutokea karibu kila siku ya mwaka. Januari 2006, kwenye njia ya magharibi ya Kilimanjaro karibu na barafuto ya Arrow, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji 3 raia wa Marekani. Wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, na waongozaji wanaijua hatari hii kuliko yeyote: sehemu kama hizo huvukwa alfajiri, kabla jua halijalegeza kitu. Mlima Kenya nao umebadilika chini ya miguu ya watu. Waliokwenda kuikwea Nelion, kilele chake cha pili kwa urefu, walizoea kuivuka barafu ya Lewis kwa viatu vya miiba; sasa sehemu kubwa ya njia hiyo ni kifusi kinachoteleza. Ule mfereji maarufu wa barafu uitwao Diamond Couloir, ambao Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge waliukwea kwa mara ya kwanza mwaka 1973, sehemu yake ya chini mara nyingi haina barafu ya kukwea.

Mimea inapoifuata barafu

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, na ndiyo inayosahaulika katika habari zote.

Mtafiti wa Kijapani Kazuharu Mizuno alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kufuatilia ukingo wa barafuto ya Tyndall kwenye Mlima Kenya. Aliona kwamba kadiri barafu ilivyorudi nyuma, mmea mdogo wenye maua ya njano, aina ya senesio iitwayo kitaalamu Senecio keniophytum, uliifuata nyuma yake kwa mwendo unaokaribiana na wa barafu yenyewe, kiasi cha meta 3 kwa mwaka. Mmea huo huota kwenye kifusi kitupu ambacho bado hakistahili kuitwa udongo. Ukishashika, mizizi yake inazuia mchanga usiteremke, majani yake makavu yanaoza na kuwa rutuba ya kwanza, na kwenye kivuli chake mbegu za wengine zinapata nafasi. Wengine hao ni kuvumwani, kuvu na nyasi ngumu.

Si kazi rahisi. Usiku maji yaliyomo kwenye udongo huganda na kuchipuza sindano za barafu zinazouinua udongo wa juu; asubuhi zinayeyuka, udongo unaanguka, na mche uliokuwa umeanza kushika unaachwa mizizi juu. Ndiyo maana ile senesio kubwa yenye shina nene lililovikwa majani makavu, pamoja na lobelia, inayopendwa na wapiga picha, haionekani kwenye ardhi iliyoachwa na barafu juzi. Inakaa kwenye matuta ya zamani, ambako mawe yamekwisha kutulia. Ukipanda kutoka Bonde la Teleki hadi ukingo wa barafu, unapita kwenye ardhi yenye umri wa maelfu ya miaka, kisha ya mamia, kisha ya makumi, na hatimaye ya mwaka jana, na mimea inapungua kimo na idadi kufuata mpangilio huohuo.

Mwaka 1997, kwenye ukingo wa Tyndall, Mizuno aliukuta mzoga wa chui ukichomoza kutoka kwenye barafu. Vipimo vilionyesha kwamba chui huyo alikufa miaka 900 hivi iliyopita. Barafu ilimhifadhi tangu siku hizo hadi barafu yenyewe ilipopungua kiasi cha kumwachia. Kwa karne tisa pale palikuwa hapajawahi kufunuka hivyo.

Kibo ni hadithi tofauti

Usiyahamishe haya yote kwenda Kilimanjaro. Kule juu kabisa, kwenye kimo cha karibu meta 5,800, wastani wa joto la hewa uko kiasi cha nyuzi 7 chini ya sifuri. Watu huuliza, na ni swali zuri: kama ni baridi hivyo, barafu inaishaje?

Inaisha kwa njia mbili ambazo kipimajoto peke yake hakizionyeshi. Ya kwanza ni kwamba hewa ni kavu mno na jua ni kali mno, hata barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita katika hali ya maji. Ya pili ni umbo lake. Barafu ya Kibo haiteremki mabondeni tu. Sehemu kubwa imekaa juu ya uwanda wa kilele ikiwa na kuta zilizosimama wima, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Jua linaupiga ukuta, ukuta unalika kuelekea ndani. Theluji mpya ikianguka haiwezi kukaa ukutani, inakaa juu tu. Kwa hiyo hata mwaka wenye theluji nyingi, kingo zinaendelea kurudi nyuma. Vipande vinagawanyika: barafuto ya Furtwängler, iliyopewa jina la Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1912, ilikatika vipande viwili mwaka 2007. Kipande kidogo kina kingo nyingi kulinganisha na ukubwa wake, na ndiyo maana kinavyozidi kuwa kidogo ndivyo kinavyozidi kwenda mbio.

Na ardhi inayobaki Kibo ni majivu ya volkano na mchanga mweusi. Maziwa karibu hakuna, kwa sababu maji ni haba na ardhi inayameza. Mimea ni kidogo sana. Mchanga mweusi unafyonza joto la jua, na joto hilo linarudi kwenye kuta za barafu iliyo jirani.

Je, ni joto la dunia au ni ukataji wa miti? Mjadala huu umewagombanisha watu bila sababu ya kutosha. Barafu ya Kilimanjaro ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, wakati hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu kwa ghafla. Hata kina cha Ziwa Viktoria kilishuka sana miaka hiyo ya 1880. Wanasayansi kama Georg Kaser na Thomas Mölg wa Austria wameonyesha kwamba kwa Kibo upungufu wa theluji na unyevu una uzito mkubwa kuliko joto la kilele chenyewe. Wengine wakalichukua neno hilo wakalitangaza kama ushahidi kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uongo. Sivyo. Unyevu unaofika Kibo unategemea bahari, hasa Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapata joto kwa sababu ya gesi tunazozimwaga hewani. Mlima Kenya, ambako barafu ya Lewis iko chini ya meta 5,000, unagongwa na joto la hewa waziwazi zaidi. Milima mitatu yenye maumbo tofauti na mvua tofauti inapoteza barafu kwa pamoja, sambamba na Andes, Alps na Himalaya. Kumlaumu mkata kuni wa Rombo peke yake kwa jambo hilo ni kumwonea.

Maji yanatoka wapi hasa

Sasa tufike kwenye hofu kubwa kuliko zote: barafu ikiisha, mito itakauka.

Kwa Kilimanjaro, jibu ni kwamba barafu haijawahi kuwa chanzo kikuu cha mito hiyo. Kileleni mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 500. Shuka hadi kwenye msitu wa upande wa kusini, kwenye kimo cha kama meta 2,200, utakuta mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, ukiacha ukungu unaonaswa na miti na kudondoka chini tone kwa tone. Kule ndiko maji yanakoingia ardhini na kutokea kwenye chemchemi. Mifongo ambayo wazee wa Kichagga waliichimba kupeleka maji vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya migomba, ilianzia kwenye vijito vya msituni. Barafu yenyewe, kama tulivyoona, sehemu yake kubwa inapaa angani ikiwa mvuke, haifiki hata kwenye kijito cha kwanza.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi, alifikia hitimisho ambalo nadhani lingepaswa kufundishwa kila shule ya Moshi, Hai na Rombo. Tangu 1976 moto umeteketeza takribani kilomita za mraba 150 za msitu wa juu, ule wa miti ya erika unaonasa ukungu, na maji yaliyopotea kwa sababu hiyo ni mengi kuliko yale yatakayopotea barafu ikitoweka yote. Mpaka wa juu wa msitu umeshushwa kwa mamia ya meta. Hali ya hewa inapokuwa kavu, moto unakuwa rahisi kuwaka na mgumu kuzima, kwa hiyo tabianchi ileile inayokula barafu inakula msitu pia, ila kwa kiberiti cha mtu. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 tuliiona sote. Ilitangazwa kwa siku chache, kisha tukarudi kwenye picha za kilele.

Ndiyo maana ukanda wa msitu ambao wenyeji wa Kilimanjaro wanauita Nusu Maili, uliotengwa wakati wa ukoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani bila kugusa msitu wa ndani, una maana kwa maji ya bomba kuliko barafu yote ya Kibo. Msitu wa asili ulio juu yake uliunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mvutano kati ya ulinzi na mahitaji ya watu haujaisha. Huo ndio mjadala wa maji tunaopaswa kuwa nao.

Upande wa Mlima Kenya ni karibu vilevile. Mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki ikipungua kiangazi na wafugaji wa huko chini kwenye Ewaso Ng'iro wakikosa maji, sababu za karibu ni mvua, hali ya msitu, na mabomba yanayochota maji juu kwa ajili ya umwagiliaji. Maji ya barafu yanahesabika kwenye vijito vya juu kabisa. Ukifika mashambani, mchango wake ni mdogo. Rwenzori, yenye mvua tele, ni hivyohivyo.

Hali hii haiwezi kuhamishiwa kila mahali duniani. Peru, Bolivia na Pakistani kuna miji na mashamba ambayo wakati wa kiangazi yanategemea maji ya barafu kwelikweli. Habari ya huko inapotafsiriwa na kubandikwa picha ya Kilimanjaro ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Vivyo hivyo kwa mafuriko na maporomoko. Tarehe 28 Mei 2025 barafu na mawe viliporomoka na kukifukia karibu kijiji chote cha Blatten nchini Uswisi. Wakazi wake kama 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Video hiyo ilitembea sana, na wengi wakauliza kama Marangu, chini ya Kilimanjaro, au Chogoria, chini ya Mlima Kenya, ziko salama. Kwa hatari ya namna ile, ziko salama: barafu iliyobaki kwetu ni ndogo mno na iko mbali mno na makazi. Huko Rwenzori, mafuriko ya Mto Nyamwamba yaliyoiumiza Kilembe na Kasese mwaka 2013 na 2020 yalitokana na mvua kubwa kwenye miteremko mikali, si barafu kubomoka. Na kwa wanaouliza kuhusu bahari: barafu ya milima yetu yote ikiyeyuka leo, haitaiinua Bahari ya Hindi kwa kiwango ambacho kifaa chochote kitakiona. Inayoinua bahari kwa wingi ni barafu ya Greenland na Antaktika, pamoja na maelfu ya barafuto kubwa za kaskazini na kwingineko, na maji yenyewe ya bahari yanavyotanuka kwa joto.

Mfano mmoja wa mbali nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi ardhi inavyoweza kubadilika ghafla. Jimbo la Yukon, Kanada, barafuto ya Kaskawulsh ilikuwa ikigawa maji yake pande mbili. Mwaka 2016 ilirudi nyuma kiasi kwamba maji yakapata njia mpya, na ndani ya siku chache Mto Slims uliokuwa ukitiririka kaskazini ukakosa karibu maji yote. Yaliyokuwa yakielekea Bahari ya Bering yakageukia upande wa Pasifiki. Ziwa Kluane likashuka, na kwenye sakafu ya mto uliokauka upepo ukaanza kunyanyua dhoruba za vumbi.

Tarehe za kutoweka

Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake, waliokuwa wametoboa barafu ya Kibo miaka miwili kabla, waliandika kwamba kwa mwendo ule barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ipo. Wanaoitumia hoja hii kusema kila kitu ni uongo wanasahau kuuliza imebaki kiasi gani. Makadirio yale yalichukua mwendo wa miaka iliyopita na kuunyoosha mbele. Barafu ya kaskazini, iliyo nene zaidi, imeng'ang'ania kuliko ilivyodhaniwa. Ila imeendelea kupungua kila ilipopimwa. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuhusu Afrika iliyotoka 2021 iliweka mwisho kwenye miaka ya 2040, huku Mlima Kenya ukitangulia kwa takriban muongo mmoja. UNESCO mwaka 2022 ilisema barafuto za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Kwenye barafu kidogo hivi, hata dunia ikipunguza gesi kesho, kihenge hiki hakina tena cha kukiokoa.

Nisieleweke kwamba kwa kuwa maji yake si mengi basi hasara ni ndogo. Wazee wa Agikuyu wameomba wakiuelekea Mlima Kenya kwa vizazi vingi, na Bakonzo wa Rwenzori wanaihesabu theluji ya mlima wao kuwa sehemu ya makao ya Kitasamba, mungu wao. Barafu ya Kibo ilikuwa pia kumbukumbu ya hali ya hewa: tabaka zake za chini, kwa makadirio ya Thompson, zina umri wa zaidi ya miaka 11,000, na ndani yake kuna vumbi la ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Tabaka za juu zikiisha, miaka iliyoandikwa ndani yake inaisha nazo.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifanya, na linasaidia. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kurudi nyuma kwa barafu hii kilipatikana kwa kulinganisha picha za zamani: zile za msafara wa Mwingereza Mackinder uliofika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mwaka 1899, na za mpiga picha Vittorio Sella aliyekuwa Rwenzori mwaka 1906. Wapo waongozaji, wapagazi, walimu na wanafunzi wengi wa Kilimanjaro, Nyeri, Meru na Kasese waliopanda milima hii miaka ya 1970 na 1980 na wana picha kwenye masanduku. Ukiwa nayo, andika nyuma yake mwaka, mwezi kama unaukumbuka, na mahali mpiga picha aliposimama, kisha ipige picha kwa simu na uitunze nakala. Kama unapanda mwaka huu, simama mahali palepale na uipige upya: mwamba, tuta, ziwa, hata yale maua madogo ya njano yaliyo mbele ya barafu.